Baba Mkwe na Sikio Langu

Mzee Preben nitamshukuru mpaka naingia kaburini, ingawa siku ile alipoingia chumba cha madereva na sanduku lake nilimwona mpoteza muda tu. Ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumeitwa, madereva wa mabasi wa mji wa Randers, kufundishwa kuwahudumia abiria wenye uoni hafifu. Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja: Jumapili binti yetu Ellen anabatizwa, na nilikuwa nimeshatangaza kwamba babu yake hatakanyaga.

Nilikuwa na sababu. Kwetu, ukimwinulia mtu glasi unamtazama machoni, unakunywa, unamtazama tena ndipo unaiweka mezani. Usipomtazama, ni bora ungemtukana. Sasa, kwenye harusi yangu baba mkwe, Holger, alisimama mbele ya watu sitini, akataja jina langu, akatazama sikio langu la kushoto, akanywa, akalitazama sikio tena, akakaa. Shangazi Inger-Lise akaninong'oneza, "Pole mwanangu, hujapita." Krismasi ikawa vilevile. Ellen alipozaliwa, mzee alimpakata huku uso ameuelekeza dirishani. Hapo nikasema basi.

Mume wangu Asger hakugombana nami. Alisema tu, "Ditte, huyo ndiye mzazi pekee niliyebaki naye," akaenda kukunja nguo za mtoto. Afadhali angenipigia kelele.

Mkufunzi wetu Preben mwenyewe alikuwa na fimbo nyeupe, ya wasioona vizuri. Alitugawia miwani, kila moja na ugonjwa wake: nyingine ukungu mtupu, nyingine tundu dogo la kuchungulia. Yangu ilikuwa na doa jeusi katikati ya kila kioo.

"Haya, mmiminie mwenzako kahawa," akaniambia.

Nikammiminia Flemming, kwenye suruali.

"Uwii! Dada, hata bila miwani ndivyo unavyoendesha!" akapiga kelele, na chumba kizima kikacheka.

"Sasa nitazame mimi," Preben akasema. "Nimenuna au nacheka?"

Nikatazama. Mabega yalikuwepo, mikono ilikuwepo, juu ya shingo pana doa.

"Huna uso," nikamwambia.

"Ninao, tena mzuri. Utafute."

Nikainua kichwa, nikainamisha, wapi! Mwisho nikageuka pembeni, nikawa kama namtazama mtu aliyesimama mlangoni. Hapo ndipo Preben alipotokea, hafifu lakini mzima, anatabasamu.

"Umenipata," akasema. "Wenye macho ya namna hiyo ndivyo tunavyowaona watu. Tunaambiwa tuna dharau."

Nilivua miwani nikalia mbele ya madereva kumi na wanne. Flemming alidhani nalilia suruali yake.

Sikubadilisha hata sare. Nilipanda baiskeli moja kwa moja mpaka kwa Holger. Alifungua mlango, akaelekeza macho kwenye sikio langu.

"Ditte?" Akarudi nyuma hatua moja, na hatua ile iliniuma.

"Baba, macho yako yana nini?"

"Katikati hamna kitu. Mwaka wa tatu huu."

"Na hukusema!"

"Niseme ili mnikatie nyama kwenye sahani? Nusu ya madirisha ya mtaa huu nimeyatengeneza mimi."

"Sasa kwenye harusi ulikuwa unatazama nini?"

"Wewe!" Alishangaa kweli. "Nikikutazama machoni unapotea. Nikitazama sikio, unakuja. Shada lako la maua la kichwani lilikuwa limeteleza mpaka kwenye nyusi. Nikajisemea, jamani, hakuna wa kumwambia mtoto wa watu?"

Shada lilikuwa limeteleza kweli. Niliona kwenye picha, wiki moja baadaye. Kati ya watu sitini walionitazama machoni, hakuna aliyeniambia.

"Baba, nisamehe. Nilidhani hunitaki."

"Nilijua umekasirika. Kosa langu ndilo sikulijua." Akanishika mkono. "Asger nitamwambia mwenyewe."

"Jumapili saa nne asubuhi, kanisani," nikasema. "Na nyama utajikatia."

Jumamosi alimwambia Asger. Walikaa jikoni kwa mzee muda wa saa mbili, na mume wangu alirudi macho mekundu, akanikumbatia. Jumapili, kabla hatujatoka, nilichuma ua kubwa jekundu bustanini nikalichomeka kwenye nywele upande wa kulia, kwa sababu wa kushoto, anakoelekeza macho, ndio anaoupoteza.

Baada ya chakula Holger alisimama. "Kwa Ditte," akasema, na macho yake yakaenda kwenye sikio langu. Shangazi Inger-Lise akanigusa kiwiko.

"Umeona? Mpaka leo!"

"Ananitazama, shangazi," nikamwambia. Sikusogea hata kidogo, nisije nikampotea. Moyo wangu ulijaa shukrani, kwa mzee huyu na kwa yule wa sanduku.

Holger akanywa. Akalitazama sikio tena, akakunja uso, akasahau kuweka glasi chini.

"Mkwe wangu," akasema, watu wote wakasikia, "ua lako limeteleza."

Nilikuwa nimelitelezesha mwenyewe.