Mstari wa Kadi ya Sabri

Mwalimu Haruni alichora mstari ubaoni, akawafundisha wanafunzi wake wa alasiri pale kijijini Kanga, watu wazima watupu, namna ya kuueleza kwa Kiingereza. Ukipanda polepole, rise steadily. Ukilala, level off. Ukiporomoka, a sharp fall. Tasnim alipoandika hilo la mwisho, aliiweka kalamu chini. Mstari kama ule alikuwa nao mkobani, kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe Sabri, mwenye miezi tisa.

Miezi mitatu mfululizo ulikuwa ukipanda. Miezi hiyo Tasnim alishinda baharini kwenye shamba la mwani, na mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi, ndiye aliyempeleka mtoto kupimwa. Mwezi huu alikwenda mwenyewe, ukaanguka gramu mia tatu. Nesi alimuuliza mtoto anakula nini, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Asipoongezeka, atapelekwa hospitali ya wilaya.

Na mwezi huu ndio alioanza darasa, akimwacha Sabri kwa bibi yake kila alasiri. Bi Mwanaharusi hakulipenda darasa lile tangu mwanzo. Sasa Tasnim alitilia shaka kila kitu: bakuli la uji lililokuwa safi mno, usingizi mrefu wa mtoto, hata mlango uliorudishwa mara tu akitoka.

Kesho yake aliaga kama kawaida, akafika njia panda, akageuza. Akapita uani kwa kunyata, akachungulia dirishani. Sabri alikuwa mapajani mwa bibi yake, akilishwa uji wa karanga. Akifumba mdomo, bibi anamwimbia mpaka anafumbua. Uji ulipokwisha, bibi akalikomba bakuli kwa kidole, akamlambisha.

"Ingia tu, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Kivuli chako kimeshaingia."

Tasnim akaingia, haya imemjaa. Akatoa kadi, akamweleza mkwewe ule mstari, kisha akamuuliza alikuwa akimpimaje mtoto.

"Na sweta lake, na kofia, na hirizi, na mafurungu yake ya fedha miguuni. Nimvue mjukuu wangu mbele ya umati ule, waseme kanenepa, wamtupie jicho? Nesi alinung'unika, mwisho akaniacha."

Tasnim yeye, mwezi huu, alimvua vyote kama nesi alivyomwagiza.

Wiki mbili zilipotimia walikwenda pamoja. Bi Mwanaharusi alivua kanga yake ya juu, akaizungusha kwenye mizani kama pazia. Sabri akapimwa mtupu: ameongezeka gramu mia moja. Tasnim akamwomba nesi ampime tena na mavazi yake yote. Nusu kilo zaidi. Nesi akacheka, akaweka nukta mpya juu kidogo ya ile ya mwisho.

Njiani Bi Mwanaharusi alimbeba mjukuu wake mpaka karibu na nyumbani.

"Hicho Kizungu chenu cha kupanda na kushuka," alisema, "kina neno la kumwomba mama mkwe radhi?"

Tasnim alisema hawajafika huko.

"Basi kesho uwahi darasani. Uji nitapika mimi."