Mbuzi wa Mama Mgonjwa

Mbuzi alikosa mnunuzi kwa sababu ya neno moja lililokaa vibaya. Mzee Philemoni, mzee wa kanisa anayenadisha sadaka kila Jumapili pale Kikwe, alisogeza kipaza sauti mdomoni akasema, "Sasa tunaye mbuzi wa mama mgonjwa. Nani anafungua?"

Hakufungua mtu.

Mpaka hapo mnada ulikuwa umekwenda vizuri. Ibada imekwisha, watu wamesimama nje kwenye nyasi, mayai yameondoka, na mkungu wa ndizi umegombaniwa mpaka wagombea wakaanza kutaniana. Aliyekuwa akisubiriwa ni mbuzi. Lesian, mwenye bucha Usa River, alikuwa ameshampapasa mgongo na kumbinya mapaja, macho yakimwaka. Aliposikia "mgonjwa" aliuondoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, kiganja kisha mgongo wa kiganja, kama mtu aliyeshika mavi gizani.

"Mzee Philemoni, mbuzi mgonjwa mnatuuzia? Tena kanisani?"

Watu wakacheka. Eliya, aliyekuwa ameshika kamba, hakucheka. Mbuzi alikuwa wake na mkewe Hanna, na walikuwa wamemleta kwa shukrani. Hanna aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku, akapimwa tena, akaambiwa amepona. Muda wote huo majirani walimsalimia wakiwa ng'ambo ya ua, na kikombe alichonywea kwa mtu hakikurudi kabatini. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kusimama tena na kwaya ya akina mama, sauti ya pili, mahali pake tangu hajaolewa. Brenda, kiongozi wa kwaya, alimwambia atoe kwanza shukrani mbele ya watu, wamwone amesimama, halafu arudi. Ndiyo maana ya mbuzi.

"Mbuzi ni mzima," Eliya akasema. "Mwangalieni macho. Mwangalieni pua."

"Kwani mimi nimesema mbuzi?" Philemoni akajitetea, kipaza sauti bado kiko mdomoni, mpaka waliokuwa barabarani wakasikia. "Nimesema mama. Mgonjwa ni mama."

Hapo shingo zote zikageuka. Hanna alikuwa amesimama karibu na akina mama wa kwaya, kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri. Aliyekuwa kulia kwake akasogea. Wa kushoto akasogea. Brenda akavuta ncha ya kitambaa chake akaziba pua, polepole, kwa adabu, kama mtu anayepita karibu na choo cha mwenzake asiyetaka kumuudhi. Eliya aliiona ile adabu. Afadhali angetema mate.

"Mzee, ungesema mbuzi wa Mama Hope," Eliya akasema. "Jina lake unalijua. Mtoto wetu Hope alibatizwa wewe ukiwa umesimama pale pale."

"Nilitaka watu waguswe, bwana."

Wangeweza kuishia hapo. Lakini Mwalimu Godbless alikuwepo, na Mwalimu Godbless akiona kipaza sauti hawezi kukaa kimya. Anafundisha Kiswahili, ana sauti nzuri, na meno yake huwa yote nje anapoeleza jambo. Akakipokea kwa Philemoni.

"Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, msigombane. Hili ni suala dogo la sarufi. Kivumishi kikikaa baada ya nomino mbili, tunauliza, kinaisifu nomino ipi? Ingekuwa kikapu tusingepata shida. Kikapu cha mama kikubwa, ukubwa ni wa kikapu. Kikapu cha mama mkubwa, ukubwa ni wa mama. Lakini mbuzi ana uhai na mama ana uhai. Mbuzi mgonjwa, mama mgonjwa. Wote wako ngeli moja, ya A-WA. Kwa hiyo hatuwezi kujua."

"Kumbe Mama Hope na mbuzi ni ngeli moja!" mtu akapaza sauti.

Mwingine nyuma akalia kama mbuzi. Kicheko kilichofuata kilikuwa kizito, cha matumbo yaliyoshiba chai, na Eliya alitazama ile midomo imefunguka, ufizi, masalia ya mandazi, midomo ile ile iliyotoka kuimba haleluya muda si mrefu. Alitamani kuisukumia ndani kwa gumba la mkono.

Hanna ndiye aliyezungumza. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, samahani. Basi waambie, mama aliyekuwa mgonjwa."

Mwalimu Godbless akatabasamu kama aliyeulizwa swali zuri darasani. "Vizuri sana, mama. Ila hapo umetoka kwenye kivumishi. 'Aliyekuwa mgonjwa' ni kishazi. Kivumishi chenyewe hakina wakati. Hakina jana wala leo. Ukishasema mama mgonjwa, ni mama mgonjwa."

"Hata akipona?"

"Kisarufi, ndiyo."

"Toka hapa," Eliya akamwambia. "Rudisha hicho kipaza sauti na utoke hapa."

"Eliya, baba, mbona jazba? Tunaelimishana."

Philemoni alitaka kumaliza, jua limeshakuwa kali. Eliya akaomba amrudishe mbuzi nyumbani. Akaambiwa kilichotolewa madhabahuni hakirudi. Hapo Lesian akakohoa.

"Nimtoe mzee aibu," akasema. "Nitampa bei ya kuku wawili. Sitauza mimi. Kuna jamaa wa shamba la maua wana mbwa wa lindo. Mbwa hawaulizi sarufi."

Watu wakacheka tena. Hakuna aliyeongeza. Lesian akachukua kamba kwa vidole viwili, uso ameugeuzia pembeni, akamfunga mbuzi nyuma ya pikipiki.

Brenda alimfuata Hanna getini, akasimama hatua kadhaa mbali. "Mama Hope, mpenzi, kwa sasa usisimame nasi. Watu wameshtuka. Tuache ipoe."

"Niliwaletea cheti cha hospitali."

"Najua, mpenzi. Najua. Lakini tukiimba tunapumuliana."

Jumatatu Eliya alikwenda Usa River kununua dawa ya nyanya. Akapita mbele ya bucha ya Lesian, na mbuzi alikuwa ananing'inia pale, mkia ameachiwa ili mteja ajue ni mbuzi kweli, mhuri wa daktari wa mifugo umegongwa pajani. Lesian alikuwa anasifia bidhaa, kisu mkononi.

"Mbuzi mnono wa Kikwe! Mbuzi mzuri wa shambani!"

Na mteja aliyekuwa mbele, mfuko wazi, alikuwa Mwalimu Godbless.

"Niongezee mbavu," Mwalimu alikuwa anasema. "Huyu mlaini."

Eliya akasimama mlangoni. Harufu ya damu na mafuta ilimpanda puani, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake nyama ilimtia kinyaa.

"Mwalimu, mgonjwa yuko wapi? Yuko kwenye nyama au mmembakiza Kikwe?"

Mwalimu akafunga mfuko. "Eliya, usichukulie vibaya. Jana ilikuwa sarufi tu."

"Na wewe Lesian? Mbwa wameshiba?"

"Kaka, biashara ni maneno," Lesian akasema, akacheka, nzi wakiruka juu ya kisu. "Chukua maini, ya bure. Mpelekee mama mgonjwa."

Alisema hivyo bila nia mbaya. Hilo ndilo lililomchefua Eliya kuliko yote. Alitoka nje, akainama kwenye mfereji, akatapika chai ya asubuhi mbele ya wapita njia, kisha akarudi nyumbani bila dawa ya nyanya.

Hanna alingoja ipoe. Pasaka ikaja, kwaya ikasimama, sauti ya pili wakamweka binti mwingine, na sare ya Hanna, iliyokuwa imeshashonwa kwa kipimo chake, ikapunguzwa kiuno imtoshe huyo.

Gharama ya neno lile ni hii. Mbuzi dume mmoja, mzima. Nafasi moja kwenye kwaya, na sare moja. Nyanya za msimu, maana dawa haikununuliwa kwa wakati na ukungu ukazimaliza. Na jina: watoto wakitumwa kuazima chekecheo kwa Hanna, wanaambiwa waende kwa Mama Mgonjwa, na wanapofika mlangoni humwita hivyo, kwa heshima, shikamoo Mama Mgonjwa, naye huitika.