Kichwa cha Mbuta

Kichwa kililetwa peke yake juu ya sinia, kimepasuliwa katikati, mchuzi ukitoa mvuke. Mama Celestine, mwenye nyumba, alilizungusha sinia polepole mpaka mdomo wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ukamwelekea mzee Ryoba, kisha akarudi nyuma akitabasamu. Ryoba alikitazama kichwa. Akakunja mikono kifuani.

Scovia, binti yake aliyeketi kando, akaiona mikono hiyo.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Wao watu wa vilimani walikuwa wameshuka Muhuru Bay, ufuoni, kutafuta njia ya kufikisha ng'ombe majini. Bwawa lao lilikuwa limebaki tope, ng'ombe wamekonda, na njia ya zamani ya kwenda ziwani ilikuwa imezibwa kwa seng'enge za majirani. Kila jioni, kutoka kilimani, ziwa lilionekana likimeta kana kwamba ukinyoosha mkono utaligusa. Scovia alikua akilitazama hivyo. Chuoni, alipoambiwa achague mada, aliandika kuhusu nchi zisizo na pwani, zinavyobisha hodi miaka nenda miaka rudi kwa majirani wenye bandari. Ndiye aliyewashawishi wazee waje. "Tusiombe hisani," aliwaambia. "Tudai haki ya kupita, haki ambayo mtu hawezi kuamka siku moja akatunyang'anya."

"Mzee hali?" aliuliza Gordon, mumewe Celestine na mwenyekiti wa ufuo.

"Labda anaogopa kuumwa," mvuvi mmoja alitania. Wenzake wakacheka. Gordon hakucheka.

Ryoba alimwinamia bintiye, akasema kwa Kikuria, "Nyumbani kwangu kichwa cha mbuzi huachiwa watoto. Nimeshuka mlima wote huu nije nitukanwe?"

Scovia alilitazama sinia tena. Aliona jinsi ule mdomo ulivyoelekezwa kwa uangalifu. Aliona Gordon, na nyumba ni yake, ameridhika na kipande cha ubavu huku macho yakikirudia kichwa.

"Tata, nadhani wamekuheshimu."

"Una hakika?"

"Sina."

Aibu ilimpanda usoni. Mikataba ya mataifa aliijua kwa moyo, lakini hakuwahi kumwuliza mtu yeyote wa hapa mgeni hupewa nini.

Ryoba alishusha pumzi, akanyoosha mkono kama anayegusa nyoka. Akang'ata mfupa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Omera, ndugu yangu, si hapo!" Gordon aliruka, akicheka. "Anza na shavu. Hapa, chini ya jicho. Kichwa hata mkwe wangu huwa simpi!"

Ryoba alitafuna. "Hm," alisema. Akachovya tena. "Ng'ombe wangu wasisikie."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ndipo Gordon alipopangusa mikono na kusema, "Ng'ombe wenu wapite. Tutafungua seng'enge kando ya shamba langu, mpaka mvua inyeshe."

"Na kiangazi kijacho, baba?" Scovia aliuliza. "Tungependa iandikwe. Iwe ya kudumu."

"Nyathina, mwanangu, babu yangu alimpitisha babu yako bila karatasi."

"Na seng'enge ziliwekwa na nani?"

Kicheko kilikatika. Gordon aliitazama mikono yake. "Sisi," alisema hatimaye. "Mashamba yaligawanywa, kila mtu akajizungushia lake. Kiangazi kijacho mje tena, tuongee."

"Na kinachofuata?"

"Mje tena. Mbuta hawajaisha."

Ryoba alimgusa bintiye goti, kwa upole.

Kabla ya kuondoka Scovia aliteremka peke yake mpaka majini. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu. Alivua viatu, akasimama. Maji yalimfikia miguuni, yakarudi, yakamfikia tena. Alitamani kuwa mtu anayekuja hapa bila kwanza kufikiria maneno ya kusema.

Walipanda mlima jua likiwaunguza migongo. Baba yake alitangulia. Penye kona, akidhani haonwi, Ryoba alisimama, akainua puani vidole vilivyobaki na harufu ya mbuta, akavinusa. Kisha akageuka kulitazama ziwa, muda mrefu, kama Scovia alivyozoea kulitazama tangu utotoni.

Scovia naye alisimama nyuma yake, hakumwita.