Ufagio Uliopita Nyumba Zote

Fundi alikuwa na ugonjwa wa kuona raha kazi yake mwenyewe ikienda, na asubuhi ile ulimpanda kichwani. Chai ilikuwa imepoa mezani hadi ikaota utando, yeye hana habari. Macho yote kwenye kompyuta, kama baba anayemtazama mwanawe akipiga hatua za kwanza. Ufagio ulikuwa unafagia. Nyumba ya kwanza ikajibu: imefutwa. Ya pili: imefutwa. Hata ile ya walimu wastaafu, ambao hubishana na saa ya ukutani, ikajibu bila ubishi: imefutwa.

Tuelewane kwanza, maana wapo watakaodhani alikuwa anasafisha ua. Fundi alikuwa ametengeneza mtandao wa kijamii uitwao Ujirani, mtandao usio na tajiri. Aliyetaka aliichukua programu bure, akaisimika kwenye kompyuta yake, akawa mwenye nyumba. Watu wakajiandikisha kwake, na nyumba zote zikawa zinasalimiana na kupokezana habari. Ukiandika neno kwenye nyumba ya Fundi, nakala yake inabisha hodi kwenye kila nyumba wanakoishi rafiki zako. Msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha programu, ulikuwa wazi kama uwanja wa mpira: yeyote aliweza kuusoma, kuurekebisha, na, hili ndilo watu walilolipenda zaidi, kumsema aliyeuandika. Mkewe, ambaye alikuwa mkunga na hakuwa na muda wa mafumbo, aliwaeleza wageni kwa kifupi: "Mume wangu ana majirani maelfu. Wa mlango wa pili hamjui hata kwa sura."

Ujirani ulikuwa na sheria moja ambayo Fundi aliipigania kufa na kupona: kufuta ni kufuta. Kikifutwa kwangu, kifutike na kwako, mpaka kwenye nakala za akiba. Sheria hiyo haikuzaliwa kwa raha. Zamani kidogo binti mmoja aliyekuwa akiandamwa na mwanamume aliomba picha zake ziondolewe. Nyumba zote ziliondoa, isipokuwa ya mzee mmoja fundi redio, aliyejiita Kutu, aliyesema nyumba yake haitupi kitu. Fundi alimkatia mawasiliano hadharani, akaiita nyumba yake jalala. Watu walimpigia makofi. Na kwa hilo, niseme ukweli, alistahili makofi.

Sasa mashine yake mwenyewe ilikuwa imejaa hadi shingoni. Watu walijiandikisha, wakaweka picha ya paka, wakatokomea. Ndipo akaandika programu ndogo aliyoiita ufagio: asiyeingia kwa mwaka mzima anaondolewa na vitu vyake vyote, na nyumba nyingine zinapewa taarifa nazo ziondoe. Alitangaza mapema, watu wakaonyesha dole gumba, na ufagio ukaanza kazi.

Siku ya pili yake simu ikalia. Namba yake aliiweka wazi kwenye ukurasa wa nyumba, kwa sababu aliamini mwenye nyumba asiyepatikana si mwenye nyumba.

"Hapo ni kwa mwenye Ujirani?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kukusumbua kazini. Mimi Mama Deko. Simu yangu sijui ina nini. Nabonyeza, mtoto hasikiki. Juzi alikuwepo."

Fundi akajiegemeza kitini, akavaa ile sauti ya upole wanayovaa mafundi mbele ya wazee. "Usijali, mama. Huyo mtoto yuko wapi, naye ana simu?"

"Hana," akasema yule mama. "Ameshafariki. Mwaka umepita na kidogo. Nasikiliza zile sauti zake alizoweka kwako. Kila siku kabla sijawasha mashine, maana zikishaanza kunguruma husikii kitu. Mimi ni mfuaji wa hospitali."

Vidole vya Fundi vilikuwa vimeshaandika jina kabla mdomo haujapata la kusema. Deko. Ukurasa ukafunguka mweupe, hauna hata picha. Pale juu pakaandikwa kwa ule uungwana alioutunga yeye mwenyewe: mkazi huyu hayupo tena.

"Mama," akasema, "hujahifadhi zile sauti kwenye simu yako?"

"Kwa nini nihifadhi, na ninyi mmezihifadhi?"

"Na simu yake mwenyewe?"

"Iliharibika naye yuko wodini. Ni tatizo kubwa, mwanangu?"

Fundi akasema ngoja aangalie. Ndilo jibu la mafundi wote duniani wakishajua.

Akaangalia. Nakala za akiba: zimefagiwa, kwa sababu aliandika zifagiwe. Akawaandikia wenye nyumba wenzake mmoja mmoja, na wote wakajibu kwa adabu kwamba wametii taarifa yake mara moja, na mmoja akampongeza kwa jinsi ufagio unavyofanya kazi safi. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Akarudi kwenye lile tangazo lake, akashuka chini ya madole gumba, akamkuta Mama Deko.

"Mwenye nyumba," alikuwa ameandika, "mwanangu ameshatangulia, hawezi kuingia. Huo ufagio utamgusa? Naomba asiguswe."

Chini yake lilikuwepo jibu la Fundi: "Asante kwa maoni yako! Tafadhali yawasilishe kwenye ukurasa wa maombi ili yafanyiwe kazi."

Hakuwa ameliandika kwa mkono. Alikuwa na kitufe kimoja cha jibu hilo, na siku zile alikibonyeza kama mtu anayefukuza mbu. Na huo ukurasa wa maombi ni pale waandishi wa programu wanapokutana. Ili uingie unajisajili upya kwingine, halafu unaulizwa unatumia toleo gani na ueleze hatua kwa hatua jinsi hitilafu inavyotokea. Mama Deko alikuwa ameandika tena: "Asante mwanangu. Nimejaribu kule, imenishinda. Najua umenielewa."

Hilo halikuwa na jibu lolote chini yake.

Mkewe aliporudi kutoka zamu alimkuta mezani anatunga ujumbe. Akavua viatu, akasimama nyuma yake, akasoma kwa sauti.

"'Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na zoezi la...' Tunasikitika ninyi na nani?"

"Ndivyo inavyoandikwa, mke wangu."

"Usumbufu ni maji kukatika. 'Uliojitokeza.' Ulijitokeza wenyewe? Ulitoka chini ya kabati?" Akavuta kiti. "Mimi nikienda kumwambia mzazi habari mbaya, unajua nasemaje? Nakaa chini, nasema kilichotokea. Nani amekifanya, nasema. Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe."

"Na kama bado kuna mahali sijatafuta?"

"Kuna mahali hujatafuta?"

Fundi akakuna shingo. "Kwa Kutu."

Mkewe akamtazama, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni alipoona mumewe hachezi.

Kibanda cha Kutu kilikuwa uchochoroni, nyuma ya duka la rangi. Redio zilizopasuliwa matumbo zilijaa hadi darini, na nyumba yenyewe, ile iliyowahi kuitwa jalala mbele ya maelfu, ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza, imefunikwa taulo ili vumbi la risasi ya kuchomelea lisiingie. Kutu alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Hakusimama.

"Karibu jalalani," akasema. "Kanyaga taratibu, usije ukachafuka."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mimi ni mzee? Siku ile nilikuwa 'yule mtu'. Kaa hapo kwenye spika. Si hiyo, hiyo bado ni nzima. Hiyo nyingine."

Fundi akakaa kwenye spika mbovu. Alikuwa amepanga maneno njia nzima na yote yakamkimbia, akabaki kusema tu: mama mmoja, binti yake, ufagio, kosa ni langu. Kutu alimsikiliza huku akichomelea waya, moshi mwembamba ukimpanda puani. Alipomaliza, mzee akaweka chombo chini.

"Kwa hiyo umekuja kuomba takataka."

"Ndiyo, mzee."

"Sema."

"Nimekuja kuomba takataka."

Kutu hakucheka. Labda alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu, na sasa imefika aliiona haina ladha. Akalifunua taulo, akawasha kioo, akaanza kupekua kwa kidole kimoja. "Yule binti wa picha," akasema bila kugeuka, "siku ile nilikosea. Sikukuambia, kwa sababu ulinitukana kabla sijafikia kukubali. Picha niliziondoa mwenyewe baadaye. Sasa huyu wako anaitwaje?"

"Deko."

"Alianza lini kuweka sauti?"

Fundi akamtajia; ufagio ulikuwa umeacha orodha ya ulivyofuta, na tarehe zake. Kidole cha mzee kikasimama.

"Uliponifungia mlango, ulifunga kweli. Sijapata kitu kutoka kwako tangu siku ile. Huyu binti alianza... ngoja." Akainama hadi miwani ikagusa kioo. "Anaanza hapa, halafu hapa ndipo uliponikata. Ni jirani kabisa. Ipo moja."

"Moja?"

"Moja, na fupi. Zile nyingine zote alizisema mbele ya mlango uliofungwa." Akaitazama mikono yake. "Ningekuwa nazo zote, kijana. Ningekuwa nazo mpaka kikohozi."

Haikuwa kejeli, na hapo ndipo ilipouma.

Ufulio wa hospitali ulikuwa chini ya ardhi, mwisho wa korido ya mabomba. Joto lilimpokea Fundi mlangoni kama taulo lililoloa. Mama Deko alikuwa mrefu kuliko sauti yake, na aproni yake ya plastiki ilimfika miguuni. Alimpungia mkono amfuate stoo ya mashuka, ambako milango miwili ilizima ngurumo ikabaki mtetemo tu nyayoni.

Hapakuwa na kiti. Fundi akasimama.

"Mama, sauti za Deko hazipo. Nimezifuta mimi. Uliniomba zisiguswe, sikusoma ombi lako, nikazifuta kwangu na kila mahali. Nimetafuta. Imepatikana moja tu."

Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa. Mama Deko aliendelea kupanga foronya, akazinyoosha pembe, moja juu ya nyingine, mpaka rafu ikajaa na mikono ikakosa kazi.

"Kumbe ndiyo maana hukupiga simu," akasema. "Ile ya kumwiga daktari haipo?"

"Haipo."

"Ya kuku wa jirani?"

"Haipo, mama."

"Ile ya mwisho, aliyoimba anakohoa?"

Akatikisa kichwa tu. Yule mama akapitisha kiganja usoni, akakifuta kwenye aproni.

"Lete hiyo."

Fundi akabonyeza. Mkwaruzo, kishindo cha kitu kuwekwa mezani, kisha sauti ya binti, karibu sana: "Inaandika? Haya. Mama, subiri kidogo, najaribu kitu." Hakusubiriwa. Sauti nyingine ikaingia kutoka mbali na kukua kadiri inavyosogea: nani ameacha sufuria hivi, kila siku nasema humu ndani, nimezaa watoto au nimezaa wageni, hilo lisimu litakuoshea vyombo? Ikaendelea, na kuendelea. Chini kabisa ya ile fujo palikuwa na kicheko kilichobanwa na mkono, kikajaribu kutoka, kikatoka nusu. Hapo ikakatika.

Mama Deko alikuwa amefunga macho. "Rudisha."

Akarudisha. Wakaisikiliza tena, na tena. Kila ile sauti ya kufoka ilipoanza, yule mama alijikunja kidogo, kama mtu anayekanyagwa mguu. Mwisho akamshika Fundi mkono, akakizuia kidole chake juu ya kitufe.

"Wewe ni fundi," akasema. "Huwezi kunitoa mimi humo, akabaki yeye?"

Fundi alitamani sana kusema ngoja aangalie. Neno lilimfika ulimini, akalimeza.

"Neno lake la mwanzo litabaki, mama. Lakini kile kicheko kiko ndani ya sauti yako. Mnasikika pamoja. Nikikutoa wewe, na chenyewe kinatoka."

Nje mtu alifungua mlango wa kwanza na ngurumo ikaingia, akamwita Mama Deko kazini kwa sauti isiyosikika vizuri, kisha mlango ukafungwa. Mama Deko akaivua aproni kichwani, akaivaa tena, akafunga kamba kwa nyuma, polepole, kana kwamba amesahau fundo linavyofungwa.

"Basi usinitoe," akasema. "Niache nifoke. Nitumie ilivyo."