Chumvi Juu ya Satini

Watu wa mtaa wa Bondeni walijua nyeupe moja tu, na Wachuka alikuwa amechoka kuwaeleza. Nyeupe ya chokaa si nyeupe ya maziwa, na ya maziwa si ile ya pembe ya ndovu, ambayo ukiitupia jicho tu utaapa kwamba ni nyeupe. Wachuka hakuwa mtu wa kutupa jicho. Alishonea kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja hapo mjini Nakuru, na akipata mteja mbishi alimvuta hadi penye jua, akatandaza kitambaa na kukinyunyizia chumvi kidogo. Juu ya nyeupe, chumvi inapotea. Juu ya rangi ya pembe, kila chembe inaonekana.

Hivyo ndivyo alivyomchagulia Wamuyu gauni la harusi yake na Kang'ethe, Agosti ya mwaka wa hamsini na tatu. Walikuwa marafiki tangu usichana wao, wakichuma pareto kwenye shamba la mzungu huko Molo na kujifunika blanketi moja. Wamuyu alitaka nyeupe.

"Watu wa kanisa watasema nini nikivaa rangi nyingine?" aliuliza.

"Watasema umependeza. Nyeupe kabisa itakufanya uonekane umemwagiwa unga. Hii ya pembe itakung'arisha uso. Na hao wa kanisa hawataona tofauti, usijali."

"Sasa kama hawaioni, ya nini kujisumbua?"

"Mimi naiona."

Wamuyu alicheka hadi akajishika mbavu. "Haya, nichagulie. Mimi sina macho, macho yangu ni wewe."

Wachuka alikuwa na desturi yake: pini zikiwa mdomoni, haongei. Umbea wote wa mtaa ulipita pale barazani na yeye akaitikia kwa kichwa tu. Lakini siku ya kupima gauni mara ya mwisho alizitoa pini, akazichoma moja moja kwenye mkono wa gauni, akamwambia Wamuyu neno ambalo hakuwa amemwambia hata mama yake mzazi. Ndung'u, mume wake, alikuwa amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Serikali ikijua, amekwisha.

"Naogopa, Wamuyu. Chakula hakipiti."

Wamuyu alimkumbatia na pini zote, zikawachoma wote wawili. "Hilo nimelizika," akasema. "Hata Kang'ethe hatalisikia."

Satini ya gauni ilibaki yadi moja na nusu. Wachuka angeweza kuiuza siku hiyo hiyo, maana Mhindi hakuwa na nyingine ya rangi hiyo, lile jora aliliagiza kwa ajili ya bibi mmoja wa kizungu ambaye baadaye akalikataa. Badala yake aliipinda ukingo kwa mkono ili isifumuke, mishono midogo midogo, akamkabidhi bibi harusi. "Iweke. Ukijaliwa mtoto, nitamshonea gauni la kubatiziwa." Kanisani, Ndung'u ndiye aliyesimama kando ya Kang'ethe kama msimamizi wake, kifua mbele, utadhani yeye ndiye anayeoa.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika. Machi, Kang'ethe alikamatwa akitoka kazini na kupelekwa kizuizini, kosa lake halikutajwa. Wamuyu alikuwa na mimba ya miezi minne. Nani alimpelekea unga na maharagwe? Wachuka. Nani alimchotea maji miguu ilipovimba? Wachuka huyo huyo, na Ndung'u akampasulia kuni kila Jumamosi bila kuombwa.

Halafu asubuhi moja ya mwezi wa Mei askari walizingira Bondeni. Wanaume waliswagwa hadi uwanjani, wanawake wakaamriwa wasitoke ndani. Wachuka angetii, lakini aliliona koti la Ndung'u limening'inia mlangoni, na mfukoni mna kipande chake, kile kitambulisho ambacho mwanaume Mkikuyu hakuthubutu kukiacha nyumbani. Akakichukua na kukimbia nacho hadi kwenye seng'enge. Askari wa hapo hakutaka hata kukitazama. Alimwamuru akae chini nyuma ya tangi la maji na asisogee.

Kutoka pale aliliona gari la askari, na ndani ya gari mtu aliyefunikwa kichwa chote, kifuniko kimetobolewa matundu mawili ya macho. Kila mtu alishasikia habari za watu hao wa kuchongea wenzao, ambao kwingine walivishwa gunia. Huyu alivaa kitambaa. Wanaume walipitishwa mmoja mmoja mbele ya dirisha. Kichwa kikitikiswa, mtu alienda nyumbani. Kikiinamishwa, angesukumwa kwenye lori.

Jua lilikuwa limepanda, likaingia dirishani. Chini ya dirisha gari lilikuwa na namba zilizopakwa rangi nyeupe, nyeupe ya kweli, na kile kitambaa hakikufanana nazo. Wachuka alijaribu kujidanganya. Alijiambia ni shuka kuukuu, ni vumbi, ni macho yake yamechoka kwa cherehani. Kisha upepo ukainua ncha ya kitambaa na akauona ukingo uliopindwa kwa mkono, mishono midogo midogo, akaacha kujidanganya.

Ndung'u alifika mbele ya dirisha. Kichwa kilitulia. Kilitulia muda mrefu kuliko kwa wengine wote, na kwa muda huo Wachuka alimpenda Wamuyu kuliko alivyowahi kumpenda. Kisha kikainama.

Lori liliondoka na Ndung'u akiwa na shati tu, na kipande chake kikabaki mkononi mwa mke wake.

Kabla ya juma kwisha, Kang'ethe alirudi. Bondeni yote ilishangilia, watu wakamwita mtu mwenye bahati, na yeye alipoambiwa habari za Ndung'u alikuja kwa Wachuka akalia machozi ya kweli. "Nikimjua aliyefanya hivi!" alisema, akijipiga goti kwa ngumi. Mtaani walimtafuta yule wa shuka nyeupe. Walihesabu shuka nyeupe za watu kwenye kamba za kuanikia, wapumbavu wale, na Wachuka akaendelea kushona. Angesema jina moja tu, Wamuyu hangefika siku ya kujifungua. Alilijua hilo, na kuna siku alifika hadi kizingitini mwa jirani na lile jina tayari mdomoni, akarudi. Alikuwa na hasira iliyomfanya ashone kisha afumue yote. Tena alijichukia, kwa sababu askari hawakuipata ile siri porini. Ilitoka kwenye mdomo wake mwenyewe, siku aliyotoa pini.

Mwezi wa tisa Wamuyu alikuja barazani na mtoto mgongoni, amenenepa, uso umeng'aa.

"Jumapili ijayo tunambatiza," alisema. "Kang'ethe anataka mtoto aitwe Ndung'u, kwa heshima ya rafiki yake. Nishonee gauni dogo, dada. Mhindi ameleta nyeupe, na nyingine kama ile yangu ya harusi. Hebu nichagulie, unajua mimi sina macho."

Wachuka aliyachukua majora mawili, akayatandaza penye jua, akanyunyiza chumvi. Alifanya polepole.

"Na ile yadi moja na nusu? Si niliipinda ukingo kwa kazi hii?"

"Panya," Wamuyu alisema haraka. "Waliitafuna yote. Nililia, we acha tu."

"Panya."

"Wa Bondeni unawajua."

Wachuka aliipangusa chumvi. "Basi chukua nyeupe. Nyeupe mtu akijifunika nayo, simjui ni nani. Ile ya pembe niliiona mwezi wa Mei kwenye dirisha la gari, nikiwa nimekaa nyuma ya tangi la maji."

Mtoto alipiga chafya. Wamuyu alishika nguzo ya baraza, na uso wake ukamfichua, jambo ambalo haukuweza kufanya siku ile kwa kuwa ulifunikwa.

"Askari waliniambia nitaje jina moja tu," alisema. "Jina moja, na watamrudisha."

"Na wakamrudisha."

"Wachuka, nilikuwa na mimba."

"Najua. Ni mimi niliyekuwa nikikuchotea maji." Alilikunja jora la rangi ya pembe. "Gauni nitashona. Mtoto hajanikosea. Lakini usije wewe kulichukua. Mtume Kang'ethe. Nitampa mkononi, nimwambie alirudishwa badala ya nani."

"Usimwambie! Nakusihi. Nitapiga magoti hapa hapa barabarani. Wachuka, sema hutamwambia. Sema!"

Wachuka alimpokea mtoto, akamlaza juu ya satini nyeupe. Kisha akachukua pini, akazitia mdomoni moja moja, na kuanza kumpima.