Jeraha Lililobweka

Asubuhi ya kesi, fundi cherehani alifunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua dakika kumi na mbili. Wa kulia ulilala mapajani na bandeji yake. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mbwa wa jirani mwenye geti jeusi amuume, na vidole vitatu havikunjiki. Wiki ya pili jeraha lilianza kubweka. Si kwamba lilibweka ovyo, maana halikuwa na utovu wa adabu. Lilibweka mtu akisema uongo, basi.

"Usilitegemee sana," alisema dada yake mkubwa, akimalizia kifungo cha shingoni.

"Dada, sitaki makubwa. Anilipe nikapasuliwe hivi vidole, nirudi kwenye cherehani yangu."

Mahakamani, jirani alisimama na shati lililonyooshwa likanyooka. Akasema siku ile mbwa wake alikuwa amefungwa. Jeraha likabweka.

"Andika, jeraha limebweka," hakimu alimwambia karani.

"Mara ngapi, mheshimiwa?"

"Mbili," alisema fundi.

Karani akaandika. Jirani akasema mama huyu alimchokoza mbwa kwa mwavuli. Hapo jeraha lilibweka kwa muda mrefu, mpaka askari akaenda kufunga mlango, kwa kuwa chumba cha pili walikuwa hawasikilizani. Moyo wa fundi ukatulia. Kwa mara ya kwanza tangu aumwe, alikuwa na mtu wa upande wake.

Jirani akapangusa jasho. "Hata hivyo, mimi sina mbwa. Alitoweka siku ileile, sijamwona tena."

Watu wote wakautazama mkono. Mkono ulikaa kimya, maana hilo lilikuwa kweli.

Hakimu alifungua kitabu cha sheria, akakisoma bila haraka. Hakuwa mtu mbaya; hata sauti aliishusha. "Mama, fidia hulipwa na anayekaa na mbwa. Mbwa huyu anakaa kwako, sote tumemsikia. Huwezi kujishtaki mwenyewe. Kabla ya mwisho wa mwezi umpeleke akachanjwe. Haki imetendeka."

Jeraha likabweka.

Karani aliinua kalamu.

"Hiyo usiandike," alisema hakimu. "Tumeshafunga."

Nje, dada alimwekea mdogo wake mkoba begani, upande wa mkono mzima. Alikuwa na hasira za kumtosha mtu na jirani yake, lakini hasira hazinunui daktari. Mkono mtupu haulambwi, alijisemea, na wa mdogo wake ulikuwa mtupu na mbovu juu yake. Wakatembea mpaka lilipoonekana geti jeusi. Lilikuwa limepakwa rangi upya.

"Vitapona tu hivyo vidole, mdogo wangu," alisema dada. "Utashona tena."

Jeraha likabweka mara moja, kwa sauti ya chini.

Fundi alilifunika kwa kiganja cha kushoto, akalipapasa mpaka likatulia. "Asante, dada," alisema, wakaendelea kutembea.