Mwanga wa Nyaruai

Phelista alikuwa akishona kifungo cha shati la kanisani la mwanawe Eliakim, na giza limeanza kuingia Ndalu, alipomwomba mkazamwana wake asogee kidogo. Nyaruai aliacha kuchambua maharagwe, akageuza kigoda na kumwelekezea mama mkwe tumbo. Lilikuwa tumbo la miezi mitano na lilikuwa linawaka. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, mtulivu, usio na moshi, na ulipenya leso mbili bila taabu. Phelista akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, jambo lililomshinda tangu macho yake yaanze kuchoka.

"Hata karabai ya kanisa haifikii hii," akasema, akaendelea na kifungo chake.

Stima ilikuwa haijafika Ndalu. Nguzo zilikuwa zimefika, maana kila msimu wa kura zililetwa zikalazwa kando ya barabara, na baada ya kura watu wakazipasua kuni taratibu. Nyaya ndizo hakuna aliyewahi kuziona. Mafuta ya taa nayo yalikuwa yamepanda. Kwa hivyo ilipojulikana kwamba mke wa Eliakim ana mimba inayotoa mwanga, watu walisema ni bahati, na bahati, kama ajuavyo kila mwenye majirani, haikai nyumba moja.

Nyaruai alizaliwa Matisi, mtaa wa mjini Kitale, kwa wazazi waliohamia kutoka Nyeri. Eliakim alimpata sokoni, Nyaruai akiuza vitunguu. Mtoto wao wa kwanza, Derrick, alizaliwa hospitalini akiwa mnene na mwenye kelele, bila mwanga wowote. Muuguzi mmoja, sista Jelimo, alipima damu ya mama, akapima ya mtoto, akasema mama achomwe sindano kabla siku tatu hazijaisha, la sivyo mimba zijazo zitapata taabu. Sindano haikuwepo pale. Ilibidi itafutwe Eldoret.

Eliakim alimtazama mkewe, akamtazama mtoto anayenyonya kwa bidii, akauliza mgonjwa ni nani. Kwao sindano ilikuwa ya mgonjwa. Kumchoma asiyeumwa ni kama kupalilia shamba lisilo na magugu. Isitoshe, jogoo wa kumkaribisha mtoto alikuwa ameshachinjwa na nyama haingojei. Wakaenda nyumbani.

Mimba ya pili iliwaka kidogo, mwanga wa kuonea sufuria tu. Aliyezaliwa alikuwa msichana, wa manjano tangu nyayo hadi weupe wa macho. Aliwaka ndani ya blanketi kwa siku chache, akazimika. Walimwita Nekesa kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno, wakamzika nyuma ya nyumba. Wapo waliosema ndivyo inavyokuwa mtu akioa mbali, lakini walisema kwa sauti ya chini na walikula chakula cha matanga kama wengine.

Hii sasa ilikuwa mimba ya tatu. Nyaruai alikwenda Kitale peke yake kumwona Jelimo, aliyezima taa ya chumba ili aone vizuri.

"Huyu anawaka sana, mama," akasema. "Sikiza. Damu ya baba Derrick iko na kitu kwako haiko. Mtoto amechukua ya babake, na mwili yako inamuona kama adui, inampiga. Ile siku ya Derrick ndio ilijifunza. Hiyo mwanga ni damu yake inavunjika. Vile inazidi kuwaka, ndivyo yeye anaisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, sista."

"Sasa sindano haiwezi saidia. Lakini mimba ikiingia mwezi wa saba, uwe Eldoret. Huko wanaweza mtoa mapema, wambadilishie damu, na anaweza pona. Usingoje uchungu."

Nyaruai alirudi na maneno hayo na akayasema yote mezani, hakupunguza hata moja. Phelista alisikitika. Eliakim, ambaye hakuwa mtu mbaya na hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, alisema wataenda, bila shaka wataenda.

Mwaka huo mvua haikujua kuondoka. Ilinyesha hadi mavunoni, na mahindi yaliyokaa kwenye magunzi yakaanza kuota ukungu. Mchana kutwa watu walikuwa shambani wakivuna na uani wakianika kila jua lilipochungulia. Ilibaki jioni tu ya kupukuchua. Wamalwa, mzee wa kijiji, akapanga zamu. Kila nyumba italeta mahindi yake uani kwa Eliakim, na majirani wote watapukuchua hadi yaishe, kisha nyumba ifuatayo. Penye wengi hapaharibiki neno, akasema, na watu wakaja na viti vyao.

Walimkalisha Nyaruai katikati, kwenye kiti chenye mto. Walimletea uji wa wimbi, ndizi na kuku. Hakuna mwanamke aliyewahi kutunzwa hivyo Ndalu, na kina mama walimwambia hivyo waziwazi. Punje zilianguka kwenye maturubai, magunia yakajaa, kwaya ikahamishia mazoezi yake pale, na mtu akihitaji kuona zaidi upande wa zizi alimwomba kwa adabu ageuke kidogo. Naye aligeuka.

"Baba Derrick," alimwambia mumewe mimba ilipoingia mwezi wa saba, "twende Eldoret."

"Tutaenda. Si unaona mahindi ya Dinah bado? Mjane huyo, tutamuachaje?"

Yalipoisha ya mjane Dinah yalikuja ya mchungaji, na hakuna anayemruka mchungaji. Baada ya mchungaji, ya Wamalwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na Eliakim aliijua sana methali hiyo. Aliitumia kila mwaka kuwacheka wanaochelewa kupanda.

Asubuhi moja Nyaruai alifunga nguo zake kwenye mfuko, akashika njia ya barabarani peke yake. Hakufika mbali. Wanawake watatu waliotoka kisimani walimsalimia, wakampokea mfuko, wakamwambia mtu mzito kama yeye hafai kubeba kitu, kisha wakageuka naye kuelekea nyumbani wakizungumzia bei ya mahindi. Hakuna aliyemkaripia. Alipofika alikuta wameshamwandalia chai. Aliinywa machozi yakimtoka, na Phelista akamfuta kwa ncha ya leso yake mwenyewe.

"Vumilia, Mama Derrick," akasema. "Tumebakisha watu kidogo tu."

Mwanga ulizidi. Jogoo waliwika saa mbili za usiku, na nyumba za ng'ambo ya mto zikasoma Biblia bila taa. Mtoto alipocheza, mwanga ulitikisika ukutani na watu wakafunika macho. Baadaye ukaacha kutikisika. Ukatulia mahali pamoja kama maji ya kisimani, na wapukuchuaji wakaufurahia zaidi kwa sababu sasa haukuwasumbua. Nyaruai alikaa katikati yao, mikono juu ya tumbo, akingoja utikisike. Alijua. Alisema, "Hachezi," na wanaume wawili wakamjibu kwamba hata Derrick alikuwa mpole tumboni, ingawa hawakuwepo.

Eliakim, kwa ungwana, alikuwa amejiweka wa mwisho kwenye zamu. Mahindi yake ndiyo yaliyokuwa uani jioni ile tumbo lilipozimika. Halikufifia. Lilizimika mara moja, na watu wakabaki gizani na magunzi mikononi. Kwaya ilimaliza ubeti iliokuwa ikiimba. Wamalwa akaomba kwa maneno mazuri, kisha mtu akauliza kama kuna mwenye tochi, maana njia ilikuwa na utelezi.

Mtoto alikuwa mvulana. Walimzika kando ya dadake. Phelista alilia hadi sauti ikakauka, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mahindi ya Eliakim yalimaliziwa kwa koroboi, na kijiji kiliuza vizuri mwaka huo.

Mwaka uliofuata, Wamalwa na vijana walichukua nguzo mbili zilizokuwa kando ya barabara, wakazipasua, wakatengeneza mabenchi marefu na kuyapanga uani kwa Eliakim. Walisema ni ya mikutano. Nyaruai aliyafagilia chini kila asubuhi na hakuuliza kitu.

Ilipofika Desemba, akioga wakati wa magharibi, aliona mwanga mwembamba chini ya kitovu, ukitosha kuonyesha sabuni ilipo. Hakumwambia yeyote. Mwanga ulivyozidi kila usiku, alijifunga leso tatu na sweta nzito, na Sikukuu zilipopita alimwambia Phelista kwamba mamake anaumwa, akamshika Derrick mkono na kusafiri hadi Matisi.

Mamake, Wacera, alikuwa mshonaji. Alikuwa na chumba kimoja, cherehani na stima aliyoilipia kwa taabu. Alimkumbatia binti yake mlangoni, akamlaza Derrick, akasikiliza habari yote hadi mwisho. Alilia. Aliwalaani watu wa Ndalu mmoja mmoja, kwa majina, mchungaji akiwemo.

"Tutaenda Eldoret kesho, mapema sana," akasema. "Hata kama ni kwa miguu. Huyu hawatamla, mwanangu."

"Kweli, maitu?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Kweli. Toa hiyo sweta upumzike. Hapa hakuna mtu wa kumficha."

Nyaruai alimwamini. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno yale alihisi mabega yake yakishuka. Alivua sweta, akafungua leso ya kwanza, ya pili na ya tatu, na chumba kikajaa mwanga hadi pembeni, hadi chini ya kitanda.

Wacera aliutazama. Kisha akatazama rundo la sare za shule lililokuwa sakafuni, akaitazama balbu, akanyoosha mkono na kuizima. Akavuta cherehani karibu na binti yake.

"Shule zinafunguliwa," akasema, akitia uzi. "Hizi zinatakiwa kesho asubuhi."